Kuvundika Si Kuvunda: Soya Yenye Harufu na Walaji wa Kusini

Hotuba kwa vikundi vya wasindikaji wadogo wa vyakula, Mtwara

Wazee wetu, akina mama wa vikundi, mama lishe, maafisa lishe na vijana wa vyuo mliofika, Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za asubuhi.

Leo tunazungumzia soya iliyovundikwa. Nitaanzia puani, kwa sababu chakula hiki hufika puani kabla hakijafika mdomoni, na walaji wengi hutoa hukumu yao hapohapo. Lugha yetu ina maneno mawili yaliyo ndugu wa karibu: kuvundika na kuvunda. Ndizi tunaivundika ili iive. Samaki akiachwa juani anavunda. Msindikaji wa soya anafanya kazi kwenye mpaka wa maneno hayo mawili, na mlaji anajua kwa pumzi moja tu upande gani wa mpaka umesimama.

Soya si ngeni Kusini. Mbegu zake zilifanyiwa utafiti Nachingwea katika miaka ya 1950, baada ya ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza kuanguka. Lakini haikupata nafasi ya kunde wala mbaazi kwenye chungu. Wengi wetu tunaijua katika unga wa lishe, katika kahawa ya soya na katika chakula cha kuku. Hiyo ni hasara, maana kilo moja ya soya kavu ina protini ya gramu 360 hadi 400, wakati kunde ina kama gramu 240. Tatizo ni kwamba soya ikipikwa kama kunde inachelewa kuiva, ina ladha ya ubichi inayong'ang'ania ulimi, na tumbo linajaa gesi. Kuivundika kunashughulikia yote matatu.

Afrika Magharibi wanafahamu kazi hii zamani sana. Kaskazini mwa Nigeria na Ghana wanaita dawadawa, Wayoruba wanaita iru, Mali na Burkina Faso wanaita soumbala. Asili yake ni mbegu za mti uitwao Parkia biglobosa, mbegu ngumu zinazochemshwa nusu siku au zaidi. Miti ilipopungua na kuni zikawa ghali, akina mama wa huko wakaingiza soya kwenye kazi ileile. Asia nako kuna ndugu zake: kinema ya Nepal na Sikkim, thua nao ya kaskazini mwa Thailand, natto ya Japani. Vyote hivyo hufanywa hasa na bakteria wa aina moja, Bacillus subtilis, na mbegu za bakteria huyo haziuawi na maji yanayochemka. Ndiyo maana kazi hii inaweza kufanyika bila kununua hamira yoyote. Tempe ya Indonesia ni kitu kingine, hutengenezwa kwa ukungu mweupe. Nitaigusa baadaye kwa sababu moja tu, ya usalama.

Sasa harufu yenyewe. Ukifunua kapu la soya iliyovundika sawasawa, pua inapokea mambo kadhaa kwa mpigo. Kuna harufu nzito ya mchuzi wa nyama, inayotokana na protini iliyokatwakatwa na bakteria. Humo ndimo ulimo utamu uleule tunaoupata kwenye mchuzi wa dagaa. Kuna harufu ya karanga zilizokaangwa. Kuna asidi fupi za mafuta zenye harufu ya soksi iliyovaliwa kutwa. Na kuna amonia, ile inayowasha macho kama banda la kuku lisilosafishwa. Mbili za kwanza zinauza. Mbili za mwisho, zikizidi, zinafukuza.

Watu husema Mtwara na Lindi hawatakubali chakula chenye harufu kali. Sikubaliani nao hata kidogo. Papa mkavu na ng'onda harufu yake inavuka nyumba tatu, na vinatafutwa kwa bei. Tena papa ana urea mwilini, na urea ikivunjika hutoa amonia. Ndiyo sababu papa mkavu hulowekwa, maji ya kwanza yakamwagwa, kisha akaungwa kwa nazi. Yaani mpishi wa Mikindani au wa Kilwa Kivinje tayari anajua namna ya kushusha amonia na kubakiza utamu. Ujuzi huo upo jikoni mwake tangu kwa bibi yake. Makosa tunayofanya sisi wasindikaji ni kumpelekea soya hii kwa jina la maharage. Akiionja kama maharage anasema yameoza. Akiionja kama kitoweo cha kuungia mboga, analinganisha na ng'onda, na hapo maneno yanabadilika.

Tuingie kazini. Nitachukulia kilo 1 ya soya kavu.

Chambua, ondoa punje zilizovunjika, zenye ukungu na zenye rangi ya kijani kibichi. Loweka kwa lita 3 za maji, saa 10 hadi 12. Kwa joto letu la pwani badilisha maji katikati, la sivyo yanaanza kuchacha na kutoa povu kabla ya wakati.

Hapa pana jambo ambalo wengi wanalikosea. Ile ladha ya ubichi haimo ndani ya punje nzima. Inazaliwa pale punje mbichi yenye maji inapopasuka. Kimeng'enya, yaani kichocheo cha asili kilichomo ndani ya punje, kiitwacho lipoksijenasi kinakutana na mafuta ya soya na hewa, na ndani ya dakika chache harufu ya majani mabichi imeshatoka. Ukisugua maganda au ukisaga soya iliyolowekwa kwa maji baridi, umeshaiharibu, na hakuna tangawizi wala kitunguu saumu kitakachoificha. Kwa hiyo toa soya kwenye maji ya kulowekea, itumbukize moja kwa moja kwenye maji yanayotokota, iache ichemke dakika 15. Kimeng'enya kinakufa. Ndipo upoze kidogo, usugue maganda kwa viganja, uyaache yaelee majini na uyamwage. Maganda ni kama asilimia 8 ya uzito wa punje. Yakibaki mengi, kitoweo kinakuwa na makapi mdomoni na rangi inakuwa ya madoadoa. Wanaotengeneza unga wa lishe nao wakumbuke hatua hii, inawahusu vilevile.

Rudisha jikoni, chemsha saa 2 kwa sufuria ya kawaida, au dakika 30 hadi 40 kwa sufuria ya presha. Kipimo ni vidole: punje ibonyee kati ya dole gumba na cha shahada bila kuhisi kiini kigumu. Punje isiyoiva bakteria hawaipenyi, na hata baada ya siku tatu utakuta nje kunateleza, ndani kuna harage. Magadi hulainisha upesi, lakini yakizidi rangi inakuwa nyeusi na ladha inafanana na sabuni. Kama maji yenu si magumu, acheni magadi kabisa.

Chuja vizuri, dakika 10, mpaka maji yasidondoke. Twanga kidogo sana kinuni, punje zigawanyike vipande viwili bila kuwa uji. Kama unayo soya kavu ya mkupuo uliopita uliotoka vizuri, chukua gramu 10, koroga na maji yaliyochemshwa, nyunyizia soya ikiwa bado na joto la nyuzi 45 hivi. Usichukue mbegu kutoka mkupuo uliokuwa na kasoro, kasoro hurithiwa.

Tandika kapu kwa majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni, mwaga soya kwa kina cha sentimita 4 hadi 5, funika kwa majani mengine, juu weka gunia safi. Bakteria huyu anahitaji hewa. Hili nalisisitiza kwa sababu ndoo ya plastiki yenye mfuniko ndiyo chombo kinachopatikana kirahisi mjini, na ndiyo chombo kinachoharibu. Hewa ikikosekana, bakteria wa uchachu wanashika nafasi, soya inanuka kama togwa lililopitiliza, na uzi wa mlenda hautokei. Tena chombo kisicho na hewa, chenye chakula cha protini kisicho na chumvi wala asidi, kinaweza kulea bakteria wa sumu hatari zaidi.

Joto linalotakiwa ni nyuzi 35 hadi 40 za Sentigredi. Mchana wa Novemba hapa hakuna haja ya kuhangaika. Usiku wa Juni hadi Agosti kapu linapoa, bakteria wanazubaa, na ukungu wa kijani au mweusi unapata mwanya. Weka kapu ndani ya boksi pamoja na madumu mawili ya maji ya moto, ubadilishe kila baada ya saa 6 hadi 8. Soya yenyewe ikishashika kasi hutoa joto lake, hivyo chomeka kipimajoto katikati ya lundo. Ukiona imevuka nyuzi 45, funua na tandaza.

Saa 24 utaona utando mweupe hafifu, na ukivuta punje mbili zinatoa nyuzi. Saa 36 harufu ya mchuzi inajitokeza. Kati ya saa 48 na 60 imeiva kwa wateja wengi. Baada ya saa 72 amonia inatawala na uchungu unaingia, kwa sababu protini imekatwa vipande vidogo vyenye ladha chungu. Karatasi ya kupimia asidi inasaidia: kwa kipimo cha pH, ambacho namba ikipanda asidi imepungua, soya huanza karibu na 6.5 na hupanda kuelekea 8. Huko Afrika Magharibi wapo wanaoipenda iliyofika siku ya tatu na kuendelea. Kwa soko jipya kama letu, ishushe mapema, saa 48. Usishindane na wazoefu.

Kisha ongeza chumvi gramu 30 kwa kila kilo ya soya iliyovundikwa ambayo bado haijakaushwa, twanga, na uikaushe. Wengi hufinyanga madonge. Donge zuri kwa macho, lakini ndani hubaki na unyevu wiki nzima, na huko amonia inaendelea kutengenezwa, funza wakaingia. Watu wa kaskazini mwa Thailand huitandaza thua nao kuwa vitambaa vyembamba kama chapati na kuvianika. Hiyo ndiyo njia ninayoitetea kwa hali ya hewa yetu yenye unyevunyevu wa bahari: vichapati vya unene usiozidi nusu sentimita, juu ya kichanja, chini ya chandarua, jua la siku mbili au tatu, hadi vinapokatika kwa mlio. Jua linaondoa maji na sehemu kubwa ya amonia inapaa nayo. Baadaye kaanga kichapati juu ya kikaango kikavu dakika chache, saga. Harufu ya karanga inapanda, ya banda inashuka. Hapo mpishi wa pwani atakuelewa.

Soya hii daima ipikwe tena kabla ya kuliwa. Lakini kupika hakusafishi mkupuo mbaya: kuna ndugu wa bakteria wetu, Bacillus cereus, ambaye naye mbegu zake zinahimili kuchemshwa, na baadhi ya sumu zake hazivunjwi na moto. Mkupuo wenye harufu ya yai viza, wenye ukungu wa rangi, au uliobaki na maji chini ya kapu, utupe. Usikaushe ili kuokoa gharama.

Na sasa nazi. Sisi ni watu wa nazi, na kishawishi cha kuchanganya machicha na soya kwenye kapu ni kikubwa, maana machicha ni bure. Msithubutu. Kisiwani Java, Indonesia, kulikuwa na tempe ya machicha ya nazi iitwayo bongkrek. Bakteria Burkholderia gladioli akiingia humo hutoa sumu isiyo na harufu wala ladha, isiyoondolewa na kuchemsha. Watu walikufa miaka mingi hadi serikali ikaipiga marufuku mwaka 1988. Na msidhani ni mambo ya mbali. Januari 2015, hapo jirani zetu Msumbiji, kijiji cha Chitima mkoani Tete, watu 75 walikufa kwa pombe ya msibani iliyotengenezwa kwa unga wa mahindi, na uchunguzi ukaonesha sumu hiyohiyo. Tui la nazi kwenye sufuria wakati wa kupika halina neno. Nazi ndani ya kapu la kuvundikia ni marufuku.

Turudi kwa mlaji. Mtelezo wa soya hii unawatisha watu wa nchi nyingi. Sisi tunakula mlenda na bamia, na mtelezo kwetu ni sifa. Basi iwekeni penye mlenda. Iwekeni kwenye kisamvu, kwenye matembele, kwenye mchuzi wa mbaazi. Kiasi cha kuanzia ni gramu 5 za unga mkavu kwa lita 1 ya mboga, uukaange pamoja na kitunguu kabla ya kutia tui. Gramu 15 ni nyingi kwa asiyezoea. Rangi ya kahawia iliyokolea haitashtua mtu kwenye kisamvu. Kwenye wali mweupe itashtua.

Na msivunjike moyo mtaa mmoja ukikataa. Japani yenyewe natto inapendwa zaidi mashariki, kuliko Osaka na jirani zake, ilhali ni nchi moja na soya moja. Watengenezaji wa huko walifika mahali pa kuchagua aina za bakteria zinazotoa asidi kidogo za harufu ya soksi, ili kuwavuta wasioipenda.

Kuhusu kupima kukubalika, nawaomba tuache ile njia ya kumpa jirani kijiko na kumuuliza, "Vipi, kizuri?" Mswahili hatamvunjia mpishi heshima usoni. Atasema kizuri, asante, Mungu akubariki, na hatanunua. Aliyepika asiwe anayeuliza. Tafuta watu 60 wanaonunua na kupika kitoweo majumbani. Waulize kwanza kama soya, karanga au maharage huwadhuru. Wenye mzio wasionje. Pika mboga moja kwa sampuli tatu: isiyo na soya, yenye gramu 5, yenye gramu 15. Vibakuli vifanane, vipewe namba za tarakimu tatu, sio A, B na C, kwa kuwa A humfanya mtu adhani ndiyo ya kwanza kwa ubora. Sampuli tatu zina mipangilio sita ya kuonjwa. Watu 60 ukiwagawa, kila mpangilio unapata watu 10, na hakuna sampuli inayoonewa kwa kutanguliwa na ile kali. Hifadhi mboga kwenye chupa za chai ili zote zifike zikiwa na moto sawa. Mboga ya moto inanuka zaidi ya iliyopoa. Kati ya sampuli na sampuli, maji ya vuguvugu, tonge la ugali mkavu, na mapumziko ya dakika mbili.

Mizani iliyozoeleka duniani ina ngazi 9, ilibuniwa Marekani kwa ajili ya chakula cha wanajeshi. Kwa Kiswahili ngazi hizo zinabanana: "napenda kiasi" na "napenda kidogo" wengi hawazitofautishi. Tumieni nyuso tano, kutoka iliyonuna hadi inayocheka. Uliza harufu kabla ya kuonja, kisha rangi, ladha, mtelezo, na mwisho kwa ujumla. Matokeo yakija msikimbilie wastani. Wastani wa 3 unaweza kuwa watu 60 wasiojali, au 30 wanaoipenda sana na 30 wanaoichukia. Hali ya pili ni biashara. Ya kwanza si biashara. Hesabuni nyuso moja moja.

Kisha pimeni mabaki. Pima kila kibakuli kabla ya kutoa na baada ya kurudi, kwa mizani ya gramu. Mdomo una adabu, kibakuli hakina. Na mkitaka kujua kama badiliko dogo, tuseme kutoka majani ya mgomba kwenda kitambaa, linatambulika, mpeni mtu vibakuli vitatu, viwili sawa na kimoja tofauti, atafute kilicho tofauti. Kwa kubahatisha tu theluthi moja watapatia, yaani 10 kati ya 30. Wakifika 15 au zaidi, tofauti ipo kweli.

Mezani kule nyuma kuna chupa tatu za kisamvu: 417, 863 na 295. Sitasema kipi ni kipi. Mwenye mzio wa soya, karanga au nazi asionje. Akina dada watawapa karatasi yenye mpangilio wako; anza na namba iliyo juu, usimwangalie mwenzako wala usimwambie. Majibu ya leo tutayatumia kwa mafunzo tu, kwa sababu mmeshasikia maneno yangu na pua zenu zimeshapewa taarifa. Vibakuli virudisheni jinsi vilivyo, vikiwa na mabaki yake, msimwage. Mizani iko pembeni ya mlango.